Vitufe Tisa vya Mkato

Fundi Saa hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Miaka ishirini na saba alikaa kwenye kibanda cha kioo chini ya ngazi za jengo la biashara, lenzi imebanwa jichoni, akifungua saa za watu, na mkono wake haukuwahi kutetemeka. Siku bomba la maji lilipopasuka juu ya kichwa chake, alifunika kwanza saa aliyokuwa ameifungua, ndipo akasimama alowe vizuri. Kwa hiyo asubuhi ile simu ilipolia, na sauti asiyoijua ikamwambia kwamba mumewe ameanguka kazini, alijibu kwa utulivu kuwa anakuja. Akarudisha vibano kwenye kikasha, akafunga mlango, akageuza ufunguo mara mbili. Alivuka barabara mbili akijiuliza kwa nini watu wanamkodolea macho, mpaka dereva wa teksi alipomwuliza, kwa adabu, kama kile kitu jichoni ni cha hospitali. Alikuwa bado amevaa lenzi.

Mumewe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapishaji. Wenzake walimwita Mkato, kwa sababu aliwahi kusimamisha mtambo mzima ukiwa umeshaanza kunguruma, kisa mkato mmoja uliokosekana ukurasa wa arobaini. Nyumbani hakuwa na nafuu. Alisahihisha orodha ya sokoni, alisahihisha maelezo kwenye chupa za dawa. Barua za uchumba alizoandikiwa na Fundi Saa alizirudisha zina wino mwekundu, na mwanamke akakubali kuolewa naye hivyo hivyo. Watoto hawakujaaliwa. Walikuwa wawili tu, saa zao na karatasi zao, miaka thelathini na mmoja.

Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia na kikachukua sauti. Daktari alieleza kwa maneno ya polepole kwamba mgonjwa atapona kiasi fulani, lakini kuhusu akili hakuna awezaye kuahidi. Ukimwuliza Mkato swali, kichwa kilitikisika kwa namna moja tu, iwe ndiyo iwe hapana. Macho yalifumba na kufumbuka bila mpango. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alimletea ubao wa herufi, aoneshe kwa kidole. Mkono wa kushoto uliteleza juu ya herufi zote kama mtu anayepangusa meza. Akajaribiwa mara tatu, kisha ubao ukaegemezwa ukutani na haukuguswa tena.

Miezi ikapita, na nyumba ikajenga mazoea. Wifi yake Fundi Saa, yaani dada wa Mkato, mwalimu mstaafu, alikuja kila Alhamisi na Jumapili, akamsalimia kaka yake kwa sauti ya kusikika hadi darasa la jirani, kisha akakaa kupiga soga na wifi yake kana kwamba kitandani hakuna mtu. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Mtu asiyejibu mwaka mzima, ulimi unamzoea. Mwisho walizungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya kabati.

Kitu kimoja tu Fundi Saa alikifanya kwa ajili ya mumewe, akiwa na uhakika kwamba anakifurahia. Kila siku ya mechi aliwasha redio, akaiweka karibu na mto, mtangazaji akapayuka dakika tisini. Mkato alikuwa mpenzi wa mpira tangu uchumba wao. Jambo hilo alilijua kila mtu.

Redio hiyo ndiyo iliyoanzisha mambo. Jumamosi moja, katikati ya mechi, Fundi Saa aliingia na beseni la maji akakuta kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimefika kwenye redio. Kilikuwa kinabonyeza kitufe. Kikainuka, kikabonyeza tena, na sauti ikapanda. Alisimama na beseni lake, maji yakimchuruzika miguuni. Mkono ule haukuweza kuonesha, haukuweza kushika kijiko, lakini kidole kimoja kilijua kwenda chini na kurudi juu. Akaona mumewe anataka sauti zaidi, akaipandisha mpaka mwisho.

Jumatatu kazini, ambako sasa alikwenda saa chache tu huku jirani akimwangalia mgonjwa, alimweleza Fundi Simu, mwanamume wa rika lake mwenye kibanda cha pili, mlalamishi wa asubuhi hadi jioni ambaye hata hivyo hakuwahi kumnyima mtu msaada. Fundi Simu alisikiliza, akalalamika kidogo kuhusu madaktari, akainama kwenye sanduku la vitu vilivyoachwa na wateja. Akatoka na kibodi ndogo, pana kama kiganja, ina vitufe tisa tu, vitatu kwa vitatu. Mchora mabango mmoja aliinunua ya kumrahisishia kazi kwenye kompyuta, ikamshinda, akaitelekeza.

"Hiki kina chipu yake ndani, dada," alisema. "Kitufe hakijui chochote. Programu iliyomo kwenye chipu ndiyo inayosema hiki ni herufi fulani. Ukiibadilisha programu, vitufe vinakutii wewe."

"Na wewe unajua kuibadilisha?"

"Mimi naflashi simu. Nachukua faili lililopikwa na wengine, nalimwaga ndani, basi. Kulipika sijui."

Akampa na kompyuta mpakato ya zamani iliyopasuka ganda. Fundi Saa akaipeleka kibodi nyumbani kama ilivyo, akaiweka chini ya kidole. Matokeo yalikuwa vurugu tupu. Kidole kilipotua kilitetemeka, mbonyezo mmoja ukahesabiwa mitano. Kilipochelewa kuinuka, herufi ile ile ikajaza mistari sita. Kilipoinuka, kikaburuzika na kugusa kitufe cha jirani. Mtaalamu wa mazoezi, aliyekuwapo, alisema kwa upole kwamba huenda ni mishipa tu inajirusha yenyewe.

Lakini Fundi Saa alikuwa na jicho la kazi yake. Alichukua saa ya kupimia wanariadha, akakaa kando ya kitanda siku nne akiandika. Mtetemo ulidumu chini ya nusu sekunde kila mara, kisha kidole kikatulia. Kilikaa chini karibu sekunde mbili. Kiliburuzika wakati wa kuinuka tu, si wakati wa kutua. Alipomaliza, aliyasoma maandishi yake tena toka mwanzo. Kitu kinachojirusha chenyewe hakina mpango, na hiki kilikuwa na mpango kuliko saa nyingi alizoletewa mezani.

Wiki sita zilizofuata alijifunza kazi mpya akiwa na miaka hamsini na minne. Kwenye mtandao kulikuwa na watu wanaotengeneza vibodi kwa mapenzi yao tu, na programu yao waliiacha wazi, anayetaka aichukue aibadilishe. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza alikisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mchana, kati ya mteja na mteja, aliandika kanuni zake. Kitufe kikibonyezwa, subiri nusu sekunde ndipo ukubali. Kikikaa chini, kihesabu mara moja tu. Mpaka kidole kiinuke kabisa, usikubali kingine. Kisha herufi. Kiswahili kina herufi ishirini na nne za kutosha, akazigawa tatu tatu kwenye vitufe vinane, kwa hiyo kila herufi ilihitaji kubonyeza mara mbili, mara ya kwanza kuchagua kundi, mara ya pili kuchagua herufi kwa safu ya juu. Kitufe cha tisa kilikuwa nafasi, na kikishikiliwa sana, kilifuta.

Kuandika ni jambo moja. Kompyuta ilipoambiwa iyageuze maandishi yale kuwa faili la kuingiza kwenye chipu, ilikataa siku tatu mfululizo, ikitoa mistari ya makosa isiyoeleweka. Siku ya tatu Fundi Saa akagundua kilichokosekana. Kilikuwa mkato mmoja, mwisho wa mstari wa saba. Alicheka peke yake ndani ya kibanda mpaka Fundi Simu akachungulia, akamkuta anafuta machozi.

Faili likakubali. Akalimwaga kwenye kibodi, na kibodi ikafa. Taa yake ndogo ilizimika, kompyuta ikasema haioni kitu chochote kilichochomekwa. Wiki sita zilikuwa ndani ya kile kidude, na kulikuwa na kimoja tu. Fundi Simu alikishika, akakigeuza, akasoma maandishi ya chipu, kisha akamwonesha kwamba faili alilitengeneza kwa ajili ya chipu ya aina nyingine, namba inafanana isipokuwa tarakimu ya mwisho. Kulikuwa na njia ya kuiamsha. Nyuma ya kibodi palikuwa na nukta mbili za shaba, ndogo kama mbegu za ufuta, na ukiziunganisha kwa chuma wakati wa kuchomeka waya, chipu huamka ikiwa tupu, tayari kupokea upya. Mikono ya Fundi Simu ilikuwa minene. Fundi Saa akavaa lenzi yake, akachukua kibano chembamba kuliko vyote, akagusa. Taa ikawaka. Akarekebisha namba ya chipu, akalitengeneza faili upya, akalimwaga tena, na safari hii taa haikuzimika.

Jumapili alasiri aliifunga kibodi kwenye ubao wa kitanda, kompyuta mbele ya Mkato, maandishi makubwa ya kusomeka toka mlangoni. Pembeni alibandika karatasi ya makundi ya herufi. Wifi yake alikuwepo, amekaa na chai yake. Redio ilikuwa inatangaza mechi. Fundi Saa alimweleza mumewe jinsi ya kufanya mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akarudi nyuma.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kidole kikatua, kikatetemeka, kikatulia. Kikainuka. Kikatua pengine. Kwenye skrini ikatokea z. Wifi akasema ni bahati tu. Ikafuata i, baada ya muda mrefu. Kisha n. Kisha a.

Zina.

Wifi aliweka kikombe chini bila kuangalia anakiweka wapi, kikakosa meza. Hakuna aliyekitazama. Fundi Saa akashika ukingo wa kabati, na katika kichwa chake miaka thelathini na mmoja ikaanza kujipanga upya, safari za kikazi, wasichana wa pale kiwandani, siku alizochelewa kurudi.

"Zina ya nani?" wifi aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Kidole kikaenda kitufe cha tisa, kikakishikilia. A ikafutika. N ikafutika. Jasho lilimtoka Mkato kwenye paji la uso. Zikaja m na a, ikaja nafasi, zikaja herufi nyingine moja moja, na wanawake wawili wakasimama pale kama waliopigiwa misumari, mpaka maneno yakakamilika: zima redio.

Fundi Saa aliizima. Ndipo akaelewa alichokishuhudia. Mtu yule aliandika neno, akaona kosa, akakataa kuliacha. Alikuwa mzima humo ndani, yeye mwenyewe, pamoja na kalamu yake nyekundu. Akakaa sakafuni.

Mkato aliendelea kuandika. Ilichukua karibu nusu saa: siupendi mpira.

Mkewe alimwuliza tangu lini. Akajibu: tangu zamani. Halafu, kwa kuwa alimwona hajaelewa, akaongeza: ilikuwa kwa ajili ya baba yako.

Baba mkwe, marehemu sasa, hakukubali binti yake aolewe na mtu yeyote asiyefuata mpira. Kijana msahihishaji alikaa kando ya mzee yule misimu minne akipiga makofi. Akaoa, na baada ya hapo hakupata nafasi nzuri ya kusema ukweli. Fundi Saa alikumbuka jezi alizomnunulia, akakumbuka mechi zote za miezi kumi na minne zilizopayukwa kwenye sikio lile, na kidole kilichokuwa kinatafuta kitufe cha kuzimia huku yeye akipandisha sauti. Hakujua kama acheke au aombe radhi. Wifi yake, kwa upande wake, alikuwa akihesabu kitu kwa macho, na ilikuwa rahisi kujua ni nini. Alikuwa anakumbuka yote aliyoyasema chumbani mle tangu kaka yake aletwe. Akachukua mkoba wake, akasema amesahau kitu jikoni kwake, akaondoka.

Fundi Saa alimcheka wifi yake siku mbili. Siku ya tatu zamu yake ikafika.

Alikuwa anabadilisha foronya aliposikia vitufe. Alipogeuka, skrini ilisema: nilisikia simu yako.

Hakuhitaji kuuliza simu gani. Ilikuwa mwezi wa tano wa ugonjwa. Alisimama dirishani, shuka la kukunja mikononi, simu imebanwa begani, akiongea na mdogo wake. Alikuwa hajalala vizuri siku nyingi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ingekuwa heri Mkato angekwenda siku ile ile aliyoanguka, angepumzika yeye na angepumzika mkewe. Mkato alikuwa hatua tatu nyuma yake, macho yamefumbwa.

Akaweka foronya kitini, akatoka chumbani.

Siku mbili alimlisha, alimwogesha, alimgeuza, lakini hakusimama mbele ya skrini. Kazini, parafujo ya saa ya mteja ilimdondoka sakafuni, jambo ambalo halikuwahi kutokea, naye akabaki anaitazama ilipoangukia bila kuiokota. Fundi Simu akauliza kama kibodi imeharibika tena.

"Inafanya kazi kupita kiasi," alijibu.

Akamweleza, bila kupamba. Fundi Simu hakulalamika safari hii. Alifikiri, akamwuliza kama mumewe amesema uongo. Hapana, hakusema uongo. "Basi funga, dada. Nenda nyumbani ukamjibu."

Alikwenda. Alivuta kiti, akakaa pale ambapo Mkato angemwona vizuri, akakiri kwamba aliyasema, na kwamba siku ile aliyaamini. Hakutafuta kisingizio. Alisema tu kwamba alikuwa amechoka na alidhani yuko peke yake chumbani. Kisha akangoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko kote maishani mwake, mbonyezo kwa mbonyezo.

Hata mimi niliomba hivyo, Mkato aliandika. Baada ya hapo: sasa sijui.

Akapumzika. Fundi Saa alidhani amemaliza, akanyoosha mkono amshike. Kidole kikarudi kwenye vitufe: na lile shuka ulilikunja vibaya.

Kicheko kilichomtoka kilimtisha mwenyewe, kilifanana na kilio, na huenda kilikuwa vyote viwili. Kona ya kushoto ya mdomo wa Mkato ilipanda juu.

Kuanzia hapo nyumba ilikuwa na watu wawili tena. Mkato alidai alama za uandishi, mkewe akaiflashi kibodi upya kwa dakika kumi. Alidai kusoma, akaletewa kurasa kutoka kiwandani. Na walianza kugombana, jambo ambalo Fundi Saa alikuwa amelisahau kabisa. Mkato alitaka mkewe arudi kazini siku nzima, aajiriwe mlezi wa mchana. Fundi Saa hakutaka kusikia. Walivutana siku tatu, mpaka mume akaandika: unanichunga kama saa mbovu.

Fundi Saa alichomoa waya. Hakukusudia, au alikusudia, mpaka leo hana uhakika. Taa ya kibodi ikazimika. Kidole cha Mkato kikatua, kikainuka, kikatua, na kwenye skrini hakuna kilichotokea. Akaacha kubonyeza, akamtazama mkewe.

Fundi Saa aliuona waya mkononi mwake, akaona ilichukua muda gani kumnyamazisha mtu aliyenyamazishwa miezi kumi na minne. Haikufika sekunde. Iliogofya kuliko siku ya ile simu ya kwanza, kwa kuwa siku ile balaa lilitoka mbali na hili lilitoka kwake. Akauchomeka. Hakusema samahani, aliona neno lile ni dogo mno. Mkato alingoja taa iwake, akaandika: usirudie.

Asubuhi iliyofuata alileta bisibisi zake. Ncha ya waya iliyoingia kwenye kompyuta aliifunga kwa kibati na parafujo mbili. Ncha ya upande wa kibodi aliisogeza kushoto kabisa, pale kidole cha Mkato kingeweza kuifikia na kuing'oa. Wa kuamua kunyamaza akawa Mkato mwenyewe. Alhamisi wifi alipokuja na mahubiri yake, Mkato alimsikiliza kwa muda, kisha akapitisha kidole chini ya waya, akauvuta.

Mlezi aliajiriwa, mwanamke mtu mzima mwenye miwani. Fundi Saa alirudi kwenye kibanda chake, mkono wake ukatulia kama zamani, lakini jioni akifungua mlango wa nyumba moyo bado humruka. Skrini huwa inamngoja, na hajui itasema nini. Juzi aliikuta imeandikwa: mlezi anaiba, tunapocheza karata. Alisimama pale na kiatu kimoja mguuni, kwa sababu miaka thelathini na mmoja hakuwahi kujua kwamba mumewe anajua kucheza karata.